Umeshanipiga Kabla Hujaniamkia

Ujumbe wa kukubaliwa kwenye warsha ya upigaji picha uliingia WhatsApp Jumatatu usiku, nikiwa Mbagala nasubiri bibi harusi amalize kupakwa poda. Siku tatu, Mji Mkongwe, Zanzibar, washiriki kumi na wawili. Chini yake kulikuwa na orodha fupi ya vitu vya kuja navyo: kamera yoyote unayoweza kuipanga kwa mkono, lenzi moja au mbili, kadi mbili, betri ya akiba, laptopu kama ipo, viatu vya kutembelea. Mstari wa mwisho uliandikwa "Ijue kamera yako." Huo niliuruka. Niliuona ni wa kujaza nafasi, kama ule wa "tuzingatie muda" kwenye kadi za harusi, ambao hakuna aliyewahi kuuzingatia.

Kamera niliijua, nani asijue jiko lake? Miaka minne nimekula kwa hiyo kamera: sendofu, kicheni pati, ubatizo, kipaimara, mahafali ya chekechea. Ni Canon 600D niliyoinunua Kariakoo kwa mtu, tena usoni imeandikwa Rebel T3i kwa sababu ilianzia maisha Marekani, ambako kamera ileile iliuzwa kwa jina hilo. Nilikuwa na lenzi ya 50mm f/1.8 niliyoinunua kwa pesa ya harusi mbili, na ile ya 18-55 iliyokuja na kamera, ya plastiki, ambayo kila mpiga picha huanza nayo na kuionea aibu mbele ya wenzake.

Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa kaka mmoja tunayeshirikiana kazi za harusi, nikamwomba lenzi yake ya 70-200 f/2.8, ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Alinikabidhi kama anayekabidhi kichanga. Ina karibu kilo moja na nusu yenyewe peke yake, bila kamera. Nikaongeza flashi mbili, stendi ya miguu mitatu na begi la kubebea vyote hivyo, begi ambalo kwenye boti nililipakata mapajani safari nzima nikiogopa mawimbi. Nilishuka bandarini Malindi bega linauma na moyo umejaa fahari. Sikubeba kitu kimoja tu: adapta ya soketi. Chaja yangu ni ya Kimarekani, ina vile vimeno viwili bapa, na nyumbani Dar adapta yake huwa imekaa ukutani siku zote hata nimesahau kwamba ni kitu cha kutolewa. Duka la tatu Darajani nikaipata. Hilo nisilirefushe.

Darasa lilikuwa chumba cha ghorofani juu ya duka la vitambaa. Mwalimu wetu ni mtu mzima aliyeanza kazi enzi za filamu, maneno machache, haraka nyingi, na kila baada ya saa moja lazima akanywe kahawa. Hakujitambulisha kwa kirefu wala hakutuuliza ndoto zetu. Alisema, "Fungeni skrini." Skrini ya kamera yangu hukunjika ikaangalia ndani, basi nikaikunja. Wale ambao za kwao hazikunjiki walipewa utepe mweusi wabandike. Akatuambia tuhamishie gurudumu la mipangilio kwenye M, ya kupanga kwa mkono. Kisha akasema, "Fumbeni macho. Wekeni ISO 800."

Kimya. Nikasikia vitufe vinabofywa chumba kizima.

Kwenye kamera yangu kitufe cha ISO, yaani cha kupanga kamera ihisi mwanga kiasi gani, kipo juu, nyuma ya gurudumu la kidole cha shahada. Najua leo. Siku ile kidole changu kilienda kwenye kitufe cha jirani, kilichoandikwa DISP, nikakibonyeza, nikazungusha gurudumu, nikafungua macho nikiwa nimebadilisha kasi ya shata, ule mlango unaoingiza mwanga, badala ya ISO. Kijana mmoja kutoka Pemba, mwenye Nikon kuukuu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli mahali pa mlango wa betri, alikuwa ameshamaliza na mikono yake imetulia. Mwalimu alipita akitazama kamera moja moja. Alipofika kwangu akaangalia lenzi, akaangalia namba, akaniuliza, "Dada, wewe unapiga harusi?" Nikasema ndiyo. "Kwa kutumia nini?"

Nilitaka kumjibu kwa hasira lakini jibu la kweli lilikuwa la aibu. Gurudumu la mipangilio kwenye kamera yangu lilikuwa limekaa kwenye A+, alama ya kijani ya kamera kujipangia kila kitu, tangu siku niliyoinunua mpaka asubuhi ile. Flashi ilijifyatua yenyewe inapotaka. Miaka minne mimi nilikuwa nabofya kitufe kimoja na kazi nyingine yote wanafanya Wajapani.

Asubuhi yote tulishinda kwenye zoezi hilo hilo. Kutoka ISO 100 hadi 800 kwa kamera yangu ni mibofyo mitatu ya gurudumu, maana ISO huruka maradufu: 200, 400, 800. Kasi ya shata yenyewe huenda polepole, mibofyo mitatu ndiyo inakata mwanga nusu. Uwazi wa lenzi, zile namba za f, unabadilishwa kwa gurudumu hilo hilo, ila umeshikilia kwa dole gumba kitufe cha nyuma chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ukiyazoea hayo vidole vinahesabu vyenyewe, kama mtu anayesuka ukili huku anapiga soga. Mwalimu alikuwa anatamka hali tu: "Umetoka juani umeingia uchochoroni." Tunapanga. "Mtoto anakimbia." Tunapanga. "Umerudi juani." Mpaka saa tano vidole vyangu vilikuwa vimeanza kutii, na nikaelewa ule mstari wa mwisho wa orodha haukuwa wa kujaza nafasi.

Kabla ya chakula akatuonyesha jambo ambalo laiti ningelijua mapema, kuna familia kadhaa Temeke zingekuwa na albamu za maana. Alimsimamisha mshiriki aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Tukapiga wote kwa vipimo vilivyopendekezwa na kamera. Kanzu ikatoka rangi ya saruji. Kamera, alisema, haijui harusi wala Ijumaa. Inadhani kila kilicho mbele yake kina rangi ya kijivu, na itapunguza au kuongeza mwanga mpaka kiwe kijivu. Ukiipa nyeupe tupu, inaifanya ichafuke. Ukiipa buibui jeusi, inalifanya lipauke. Kwa hiyo nyeupe unaiongezea hatua moja, hata moja na nusu; nyeusi unaipunguzia. Niliwakumbuka mabibi harusi wangu wote waliotoka nyuso nyeusi tititi ndani ya shela la kijivu, na jinsi nilivyokuwa nawaambia mama zao kwamba ukumbi ulikuwa na taa mbaya.

Mchana tukaachiwa mitaa. Sasa ndipo lenzi ya kuazima ilipoanza kunidai kodi. Vichochoro vya Mji Mkongwe vingine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kwenye kamera yenye sensa ndogo kama yangu, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, milimita 70 inabana picha kama vile ni 112. Nikirudi nyuma nagonga mlango wa watu; nikisogea mbele, chini ya mita moja na robo hivi, lenzi inakataa kukamata. Na ni nyeupe, ndefu, inatangulia kona kabla yangu. Watoto wakikimbia. Mzee mmoja barazani alikunja gazeti akaingia ndani. Baada ya nusu saa niliirudisha begini, na kwa siku tatu nikabeba kilo moja na nusu ya mtu kama adhabu.

Nikafunga 50mm. Nyuma ya Jaws Corner, pale wanaponywea kahawa, nikaingia uchochoro ambao sikuujua jina, nikamwona bibi amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nakshi, miguu imetanda, anakuna nazi. Mwanga wa pembeni ulimlalia shavuni. Nikafungua lenzi yote mpaka f/1.8, nikainama, nikapiga. Picha tatu, nne. Niliona kwenye kijidirisha kwamba ni nzuri: uso wake umekaza, vyote vingine vimeyeyuka. Hapo ndipo alipoinua macho.

"Wewe mwanangu," alisema, wala hakupandisha sauti, "umeshanipiga kabla hujaniamkia?"

Nikabaki nimeinama vilevile. Nilisema shikamoo, akasema marahaba, akaendelea kukuna. Nikasubiri aseme neno jingine, hakusema. Nikaondoka na picha zangu kama mwizi wa kuku anayeenda bila kukimbia.

Jioni ilikuwa zamu ya Forodhani kupiga makachu, wale vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani jua linapozama. Siku hiyo ndiyo nilikuwa nimehamia kwenye RAW, picha ghafi zenye faili nzito, kama tulivyoelekezwa, nikashikilia kitufe ipige mfululizo. Kamera yangu hupiga RAW kama sita hivi mfululizo kisha inasimama kuandika kwenye kadi. Kadi zangu zilikuwa zile ndogo za simu zilizovalishwa koti la plastiki, polepole kama foleni ya Mbagala Rangi Tatu. Kwa hiyo nina picha sita za kijana anakimbia kuelekea ukingoni, halafu picha moja ya maji yaliyorukia juu. Kupinduka kwenyewe hewani, kichwa chini miguu juu na jua katikati, nilikuona kwa macho yangu mazima huku kamera inawasha kitaa chekundu. Yule wa Pemba alipiga moja moja. Alikuwa anasubiri, anahesabu hatua za mrukaji kwa mdomo, anabofya mara moja. Aliniambia kamera yake haiwezi mfululizo, kitufe kinakwama.

Usiku mwalimu alitaka kila mtu alete picha kumi. Mimi nilikuwa na mia sita na kitu. Kwenye harusi sichagui. Nachoma zote kwenye flashi diski na mama wa bibi harusi anachagua mwenyewe. Kuchagua ni kazi nyingine kabisa, na sikuwa nimewahi kuifanya. Kwanza laptopu ilikataa kupokea picha kwa kukosa nafasi, ikabidi nifute tamthilia mbili za Kikorea, moja nilikuwa sijaimaliza. Halafu nikakaa mpaka saa sita usiku nikilinganisha picha mbili za mlango mmoja. Nilipompelekea kumi zangu, ya kwanza ilikuwa ya yule bibi. Aliitazama muda mrefu. Nikajua kaipenda.

"Anaitwa nani?"

Sijui.

"Anakuna nazi ya nini?"

Sijui.

"Basi hii si yako bado." Akaisogeza pembeni, akaendelea na ya pili. Alituagiza kila picha yenye mtu iwe na jina lake, mahali na siku, na kwamba mtu huyo awe anajua amepigwa. Kuna mshiriki alibisha kwamba mtaani watu wakijua wanaharibu picha. Mwalimu alimjibu kwamba wakijua wanaharibu picha yako, ya kwao haiharibiki. Sikubaliani naye moja kwa moja hata leo, nimeona picha nzuri sana za watu wasiojua, lakini usiku ule sikuwa na uso wa kubishana.

Siku ya pili tulitakiwa diko la Malindi alfajiri, samaki wanaposhushwa. Kwenye chumba changu kulikuwa na kiyoyozi, na mimi kwa mbwembwe za mgeni nilikuwa nimekiweka nyuzi 18 usiku kucha, kamera iko mezani wazi. Saa kumi na moja na nusu nikaishika, baridi kama soda, nikatoka nje. Joto la Zanzibar hata alfajiri linakuvaa usoni kama taulo lililoloa. Nikainua kamera kupiga ngalawa ya kwanza nikaona maziwa. Lenzi ilikuwa imefuka ukungu wote. Nikafuta kwa ncha ya kanga, ukarudi. Nikafuta tena, sasa na alama ya kidole. Nilifungua hata lenzi ili nifute nyuma yake, kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu hewa ile yenye chumvi na unyevu ikapata njia ya kuingia ndani kabisa. Mwenzangu mmoja alinishika mkono akaniambia niache, niifunge begini, niketi. Ikachukua karibu nusu saa ukungu kuondoka wenyewe. Kwa latitudo yetu hii jua halikai kuchungulia. Likianza kuchomoza, rangi zile za mwanzo zinakwisha ukiwa bado unatafuta pa kusimama. Mnada ulikuwa umechangamka, papa wameburutwa, bei zinapigiwa kelele, mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa namlinda mgonjwa wangu. Siku hizi nikilala kwenye kiyoyozi kamera inalala begini, zipu imefungwa, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Zamani nilikuwa navitupa. Sasa hivi hata shemeji zangu wananiwekea.

Saa nne hivi, tukirudi, mwalimu akatuingiza Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta. Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Kuta zimejaa picha za nyeusi na nyeupe, Zanzibar ya zamani, watu na mitaa. Wengine walikuwa wanaulizana bei. Mimi nilikuwa natafuta ukungu wa nyuma, ule unaoyeyusha vitu, ninaouuza kwenye matangazo yangu kama "picha za kisasa". Katika zile nilizosimama mbele yake sikuuona. Mtu amesimama, na kiti chake kipo, na sakafu yake ipo, na kitu alichoshika unakijua ni kitu gani. Sikusema neno, ila mchana nilirudi kwenye ule uchochoro, kamera ikiwa begini.

"Hodi bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umerudi, mpiga watu?"

Nikaketi chini, kwenye ngazi. Alinitajia jina lake, ambalo nimeliandika kwenye picha yake na sitaliweka hapa. Nazi ni ya mkate wa kumimina, anapika kila siku, wateja wanamfuata hapo hapo mlangoni. Aliniuliza kwetu wapi, nimeolewa, mbona mwembamba. Nilipomwonyesha picha kwenye skrini aliisogeza mbali na macho kisha karibu.

"Haya. Uso wangu huu. Na mbuzi iko wapi?"

Nikamwonyesha lile doa jeupe chini ya picha: hiyo hapo, bibi. Kwa f/1.8, ukiwa umbali wa mita moja, kinachokaza ni kama sentimita tatu tu za kina. Macho yake yalikuwa makali, sikio limeshaanza kupotea, na mbuzi yenyewe, pamoja na mikono na nazi, imekuwa moshi.

"Hii ndiyo mbuzi?" Akacheka. "Mwanangu, hii mbuzi kaichonga marehemu mume wangu kabla hatujapata mtoto wa kwanza. Watu wa humu wanaijua kuliko wanavyonijua mie. Umepiga bibi kizee ananing'inia hewani."

Akanielekeza kwa kidevu mwanya kati ya nyumba mbili. Njoo kesho saa tisa, alisema. Jua hupita pale likafika hapa kizingitini. Ikishaadhiniwa alasiri limeshakwenda zake. Siku tatu nilikuwa nalipia mtu anifundishe mwanga, na huyu ameketi nao miaka arobaini.

Kesho yake saa tisa kasorobo nilikuwepo. Sikuleta flashi wala stendi. Nilifunga ile 18-55 ya plastiki, kwa sababu ndiyo pekee niliyokuwa nayo ambayo ingeweza kumchukua bibi, mlango, mbuzi na sinia la machicha bila mimi kupasua ukuta wa nyuma yangu. Nikaiweka kwenye milimita 24, f/5.6, ISO 400. Vidole vilikwenda vyenyewe. Jua lilipoingia, bibi aliinuka kidogo, akaisogeza mbuzi kwa mguu, shubiri moja hivi, mpaka meno yake ya chuma yakashika mwanga. Akakaa. Akaanza kukuna kana kwamba sipo. Nilipiga tisa, na nilisubiri kati ya moja na nyingine. Adhana ilipolia akasimamisha mkono, akavuta mtandio, akaniambia sasa basi.

Warsha ilipokwisha nilimrudishia kaka yule lenzi yake. Akaikagua kwenye taa, akaniuliza ilinisaidia. Nikamwambia imenisaidia mabega. Picha ya bibi niliisafisha Kariakoo, nakala mbili kubwa, nikampa mtu anayevuka na boti. Wiki nzima kimya. Kisha mjukuu wake akanitumia sauti kwenye simu, nyuma nasikia nazi inakunwa, na bibi mwenyewe anamsemesha akiwa mbali kidogo:

"Mwambie nimeipata. Mwambie mbuzi imetoka nzuri kuliko mie."